Nipe za Buku: mhadhara kuhusu antibayotiki zinazouzwa bila cheti cha daktari



Nimeombwa nizungumze kama mfamasia. Nitafanya hivyo, lakini naomba nianzie nilikoanzia mimi, nyuma ya kaunta, kabla sijajua lolote.

Nilikuwa na miaka 19. Nimemaliza kidato cha sita, nasubiri matokeo, shangazi akanitafutia kibarua katika duka moja la dawa mjini Morogoro. Kazi ya kwanza niliyofundishwa ni kutumia mkasi. Vidonge vya kwenye kopo vilihesabiwa juu ya sinia dogo la plastiki, vitano vitano, kwa kisu butu. Vile vilivyofungwa kwenye karatasi zake za kung'aa vilikatwa kwa mkasi. Mteja anaingia, hasemi anaumwa nini. Anaweka pesa juu ya kioo anasema, "Dokta, nipe rangi mbili za buku." Siku hizi ni buku, yaani shilingi elfu moja; wakati ule ilikuwa noti ya mia tano. Nakata vidonge sita, natia kwenye bahasha ndogo ya kaki, naandika juu yake 1 x 3, nasema ugua pole, naita anayefuata. Miezi minane niliyokaa pale sikumuuliza mtu hata mmoja cheti cha daktari, na hakuna aliyeniuliza kwa nini siulizi.

Rangi mbili, kwa wasiojua, ni zile kapsuli zenye nusu nyekundu na nusu njano, au nusu nyekundu na nusu nyeusi. Ndani yake mna amoksilini au ampisilini. Dozi ya kawaida ya amoksilini kwa mtu mzima, kidonge cha miligramu 500 mara tatu kwa siku kwa siku tano, ni vidonge 15. Mimi nilitoa sita. Siku mbili.

Alikuwapo mama mmoja fundi cherehani, jirani wa duka. Alikuja ana mafua na koo linamkereketa. Nilimkatia sita. Siku ya pili akajisikia nafuu, kama ambavyo angejisikia bila dawa yoyote, maana mafua ndiyo tabia yake. Akabakiza mbili. Wiki iliyofuata mwanawe wa miaka minne akapata homa; mama akafungua kapsuli, akamimina nusu ya unga kwenye uji, akakoroga, akamnywesha. Alinisimulia mwenyewe kwa furaha, akinishukuru kwamba dawa yangu imesaidia watu wawili. Nami nilifurahi. Kwetu husemwa mgonjwa haulizwi uji. Yule mama alikuwa ameichukulia antibayotiki kama uji wenyewe: kitu chema ambacho mtu mwenye upendo humpa mgonjwa bila kuuliza. Na aliyemfundisha hivyo ni mimi, kwa mkasi wangu.

Sasa sikilizeni majina tunayoyatumia dukani. Asithromaisini ni Azuma. Jina la kampuni moja limekuwa jina la dawa yenyewe. Septrini, Flagyl, Sipro, kila mtu anazijua. Magonjwa nayo yana majina yake ya kaunta: yutiai, taifodi, kifua, maambukizi kwenye damu. Binti akisikia maumivu chini ya kitovu, ana yutiai. Kijana akichoka wiki nzima na kichwa kinamgonga, ana taifodi, hasa kama alipimwa kipimo cha Widal mara moja, kipimo ambacho kikifanywa mara moja tu hakithibitishi ugonjwa huo. Mtu akishapata jina la ugonjwa, keshapata jina la dawa. Akishapata jina la dawa, kinachobaki kujadiliwa ni bei. Hapo katikati hakuna nafasi ya swali. Ndiyo maana nasema tatizo letu la kwanza haliko kwenye dawa. Liko kwenye mazungumzo ya dakika moja na nusu baina ya watu wawili waliotenganishwa na kioo.

Antibayotiki huua bakteria au huwazuia wasizaliane. Kwa virusi haina la kufanya. Mafua ni virusi, koo nyingi ni virusi, kuhara kwingi kwa watoto wadogo ni virusi, na dawa yake ni maji ya chumvi na sukari yaliyopimwa vizuri pamoja na vidonge vya zinki. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika hapa hapa kwetu, Dar es Salaam na Ifakara. Watafiti walichukua watoto 1,005 wenye homa waliofika kliniki za wagonjwa wa nje, wakawapima kila walichoweza kupima. Asilimia 70.5 walikuwa na ugonjwa wa virusi. Wenye ugonjwa wa bakteria walikuwa asilimia 22. Wenye malaria walikuwa kama mmoja kati ya kumi.

Naomba mbaki na namba hizo kidogo, kwa sababu zinasimulia historia yetu ya karibuni. Wazee humu mnakumbuka: zamani kila homa ilikuwa malaria, na kila homa ilipewa dawa ya malaria. Kipimo cha haraka kilipofika zahanati, kile cha tone la damu kwenye kidole, ikaonekana kwamba homa nyingi si malaria. Yalikuwa mafanikio makubwa. Lakini mgonjwa aliyeambiwa huna malaria bado alikuwa na homa, bado alikuwa amepanda bodaboda, bado alihitaji kurudi nyumbani na kitu mkononi. Akapewa antibayotiki. Utafiti katika nchi kadhaa, yetu ikiwamo, umeonyesha jambo hilo: kipimo cha malaria kinapoingia, dawa za malaria hupungua, antibayotiki huongezeka. Tulifunga kabati moja tukafungua la pili, na desturi yetu ikabaki ile ile, kwamba homa haiondoki bila kidonge.

Kuna anayesema, sawa, basi tatizo ni dozi. Tuwaambie watu wamalize dozi. Nimeyasema hayo mwenyewe kwa miaka mingi. Leo nayasema kwa tahadhari. Mwenye nimonia anayepewa dozi ya siku mbili yuko hatarini, hilo halina mjadala. Lakini mwenye mafua anayemaliza vidonge vyote 15 hajafanya jambo jema. Amewapa bakteria wa tumboni mwake shule ya siku tano badala ya siku mbili. Dozi kamili ya dawa isiyohitajika ni madhara kamili.

Nasema shule kwa sababu. Utumboni mwa kila aliyekaa humu mna bakteria wengi wasiohesabika, na wengi wao ni wenyeji wetu wema. Antibayotiki ikishuka huko haichagui. Wanyonge wanakufa, wale wachache wenye uwezo wa kuistahimili wanabaki, na shamba lote linakuwa lao. Wakulima mnanielewa kuliko wanafunzi wangu: mkipiga dawa moja ya viwavi msimu hadi msimu, kuna mwaka viwavi wanaioga na kuendelea kula mahindi. Bakteria wana jambo moja zaidi ambalo viwavi hawana. Wanaweza kupeana ujuzi. Kipande kidogo cha vinasaba hutoka kwa bakteria mmoja kwenda kwa jirani yake, hata jirani wa ukoo mwingine kabisa, na ndani ya kipande hicho mna maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya kinachoikata penisilini kabla haijafika kazini. Huo ndio usugu. Serikali imeupa jina refu, Usugu wa Vimelea vya Magonjwa dhidi ya Dawa, na kifupi chake UVIDA. Anayekuwa sugu ni kimelea. Wagonjwa wengi hudhani ni mwili wao uliozoea dawa, ndipo mtu anajipa moyo kwamba yeye hajameza antibayotiki mwaka mzima, kwa hiyo hayamhusu. Yanamhusu. Bakteria sugu aliyelelewa kwenye utumbo wangu husafiri kwa mikono, kwa maji, kwa choo, kwa salamu.

Sisi si wageni wa jambo hili. Tumekwisha kupoteza dawa. Nani humu ndani, aliyezidi miaka 40, hakuwahi kuwashwa na klorokwini? Tuliimeza kwa kila homa, nusu nusu, nzima nzima, mpaka vimelea vya malaria vikaizoea, na mwaka 2001 Tanzania Bara ikaiacha. Ikaja Fansida na dawa za kundi lake. Mwishoni mwa 2006 nayo ikaachwa kama tiba ya kwanza, tukapewa dawa mseto. Miaka mitano hivi! Malaria si bakteria, najua, na mwalimu wangu wa mikrobiolojia yuko mstari wa mbele ananitazama. Lakini somo ni moja, na tofauti yake inanitisha: klorokwini ilipoanguka ilikuwapo Fansida, Fansida ilipoanguka ukawapo mseto. Antibayotiki mpya zinazofika sokoni ni chache mno, na zile zinazofika hazifiki kwenye hospitali zetu za wilaya.

Niwapeleke wodini. Katika hospitali ya Muhimbili, kati ya mwaka 2001 na 2002, watafiti waliotesha damu ya watoto waliolazwa wakiwa na dalili za maambukizi makali. Matokeo yao yalichapishwa 2007. Kati ya watoto waliolazwa na malaria katika kundi lile, alifariki mmoja kati ya watano. Kati ya waliokuwa na bakteria wa kundi la Gramu hasi kwenye damu, walifariki asilimia 43.5. Na wale ambao bakteria wao walikuwa na kimeng'enya kinachokata hata dawa za ukoo wa seftriaksoni, walifariki asilimia 71. Sindano walipewa. Dawa iliingia mshipani, ikakuta imekwisha kushindwa. Hiyo ilikuwa zaidi ya miaka 20 iliyopita. Mwaka 2019 pekee, kwa makadirio yaliyofanywa kwa dunia nzima, watu milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kwa bakteria sugu, na mzigo mzito kuliko wote kwa kila watu laki moja uliangukia Afrika kusini mwa Sahara.

Siwezi kusema vidonge vyangu sita vilimdhuru mtoto yupi. Hakuna anayeweza, na hapo ndipo ugumu wa jambo hili ulipo. Ukiuza sumu, maiti ina jina. Ukiuza antibayotiki isiyohitajika, mnunuzi anapona mafua yake, anakushukuru, anarudi kesho, na anayelipa ni mtoto mchanga wa siku nne katika wodi ambayo wewe wala mnunuzi hamtaingia. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini London mwaka 1928, aliliona hilo mapema. Alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945 alitahadharisha kwamba itafika siku penisilini itanunuliwa dukani na mtu yeyote, na akatoa mfano wa mume aliyejitibu koo kwa dozi ndogo, akawazoesha bakteria wake, kisha akamwambukiza mkewe. Mke akapata nimonia, dawa ikamshinda, akafa. Angalieni alivyoupanga mfano wake: aliyekosea dozi si yule aliyekufa.

Sasa niwageukie wenzangu wa maduka, kwa sababu najua mmekaa mkisubiri kulaumiwa.

Sheria yetu iko wazi. Antibayotiki ni dawa ya cheti. Zamani tulisema dawa baridi na dawa moto. Dawa baridi kwa duka dogo, dawa moto kwa famasi. Lakini maisha hayakufuata mgawanyo huo. Vijijini hakukuwa na famasi, duka la dawa baridi lilikuwapo, na chini ya kaunta dawa moto zilikuwapo. Mwaka 2003, mkoani Ruvuma, serikali ilianzisha Duka la Dawa Muhimu: muuzaji afundishwe, duka likaguliwe, na aruhusiwe kuuza kihalali baadhi ya dawa za cheti, zikiwamo antibayotiki chache. Mpango ule ukaenea nchi nzima. Mimi ni mmoja wa wanaouheshimu. Ulikubali ukweli ambao wengi mjini hawaupendi, kwamba kwa Mtanzania wa kijijini duka la dawa ndilo zahanati ya kwanza, na mara nyingi ndilo la pekee lililo wazi saa mbili usiku.

Kwa hiyo anayekuja na jawabu la kufunga kila kitu, nisiuze hata amoksilini moja bila cheti, namuuliza: cheti cha daktari yupi? Mtoto wa miezi kumi anahema kwa kasi, mbavu zinaingia ndani, zahanati iko mwendo wa saa tatu na tabibu wake ameenda semina. Nimonia haimsubiri. Watoto wanakufa katika nchi yetu kwa kukosa antibayotiki, kama wanavyokufa kwa usugu wake. Mambo haya mawili yanaishi katika kijiji kimoja, wakati mwingine katika nyumba moja: bibi anameza Sipro kwa mgongo unaouma, mjukuu anakosa amoksilini kwa kifua kilichoziba. Sera isiyoweza kuwaona wote wawili sitaiunga mkono.

Hata hivyo, tusijifiche nyuma ya yule mtoto. Watafiti walipotuma wateja wa kuigiza kwenye maduka ya dawa ya Manispaa ya Moshi, zaidi ya asilimia 90 ya wauzaji waliwapa antibayotiki bila cheti. Moshi si kijijini. Moshi kuna hospitali, kuna KCMC. Pale hapakuwa na nimonia wala mwendo wa saa tatu. Palikuwa na mteja na pesa yake.

Kwa nini tuliuza? Jibu rahisi ni tamaa, na silikubali. Mimi sikuwa na tamaa. Sikuwa hata na sehemu kwenye faida. Nilikuwa na bosi aliyekuja saa kumi na mbili jioni kuangalia mauzo. Nikimwambia mteja, mama, hii ni mafua, huhitaji rangi mbili, kapumzike unywe maji, nimetumia dakika kumi, nimekosa mauzo, nimemkasirisha mteja, na mteja amevuka barabara kwenda duka la pili akakatiwa sita bila swali. Jioni bosi anaona pungufu. Kodi ya fremu haijui mafua wala virusi. Katika mpangilio wote huu, kila mtu analipwa dawa ikiuzwa: kiwanda, msambazaji, mwenye duka, muuzaji. Hatujawahi, hata siku moja, kumlipa mtu kwa kukataa. Na bado tunashangaa hawakatai.

Hilo ndilo nililokuja kulisema hapa, na mengine yote yanalizunguka. Sheria inamtaka muuza dawa akatae, kisha gharama yote ya kukataa inamwachia yeye peke yake.

Tazameni waliojaribu njia ya sheria tupu. Chile iliamua mwaka 1999 kusimamia kwa nguvu kwamba antibayotiki haziuzwi bila cheti. Mauzo yalishuka vizuri. Kisha miaka ikapita, usimamizi ukalegea, mauzo yakaanza kupanda tena. Mexico ilifanya hivyo mwaka 2010, na huko likatokea jambo la kufundisha zaidi. Maduka yalihitaji vyeti, basi yakaweka vyumba vya daktari ubavuni mwa duka. Vilikuwapo vichache; vikaongezeka haraka mno. Mgonjwa anaingia mlango huu, anaandikiwa, anatokea mlango wa pili, ananunua. Wapo waliotibiwa vizuri kwa njia hiyo, na kwa maskini asiye na bima lilikuwa afueni. Lakini daktari anayekaa kwenye kiti cha mwenye duka naye ana mtu wa kuangalia mauzo jioni. Cheti kilipatikana, swali halikupatikana.

Mimi nataka swali lipatikane. Nitawaambia ninavyoliona, na mwenye kunisahihisha anisahihishe wakati wa maswali.

Kwanza tutupe mkasi. Viwanda na waagizaji watakiwe kufunga antibayotiki kwa dozi nzima katika pakiti isiyokatwa, na bei iandikwe juu yake. Najua mwenye buku moja atasema haimtoshi. Amoksilini ni kati ya dawa za bei nafuu kabisa tulizo nazo, na tofauti ya dozi nzima na nusu dozi ni pesa ambayo bima inaweza kuibeba bila kuyumba. Pakiti nzima ina faida nyingine: inamfanya mtu afikiri. Kununua vidonge sita ni kama kununua vitumbua. Kununua dozi ni uamuzi.

Pili, si antibayotiki zote ni sawa. Shirika la Afya Duniani tangu 2017 limezipanga katika makundi matatu: zile zinazopaswa kupatikana kwa urahisi, zile za kuangaliwa kwa makini, na zile za akiba. Amoksilini iko kundi la kwanza. Azuma, Sipro na seftriaksoni ziko la pili. Septemba 2024 nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa zilikubaliana kwamba angalau asilimia 70 ya antibayotiki wanazotumia binadamu zitoke kundi la kwanza, na vifo vya usugu vipungue kwa asilimia 10 ifikapo 2030. Basi duka liaminiwe kwa kundi la kwanza, kwa masharti, na mlango wa kundi la pili ufungwe kwelikweli. Nimeona kwa macho yangu seftriaksoni ikinunuliwa dukani kama soda, mtu anaondoka na kichupa na bomba la sindano kwenda kuchomwa na jirani aliyewahi kufanya kazi hospitali. Ile ndiyo dawa tunayoitegemea mama aliyejifungua anapopata homa kali. Hapo sina huruma. Baraza la Famasi lifunge duka.

Na hao kuku wetu! Ninyi mnaofuga kuku wa nyama nyuma ya nyumba, mnaonunua oksitetrasaiklini kwenye duka la mifugo na kuwanywesha hata wasioumwa ili wasije wakaumwa, mhadhara huu ni wenu pia. Bakteria hawajui mpaka wa banda na jiko. Nitaishia hapo kwa kuku, maana wanahitaji mhadhara wao.

Tatu, na hili ndilo kubwa kwangu, ushauri ulipwe. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Katika kupanga nani atalipwa nini, muuza dawa aliyesajiliwa awekewe ada ndogo kwa kila mgonjwa aliyemhoji, akamwandika kwenye daftari, akamshauri au akampeleka zahanati, hata kama hakumuuzia kitu. Ada iwe sawa, ameuza au hakuuza. Watasema wauzaji watajaza daftari wagonjwa wa uongo. Watakuwapo. Wapo leo wanaojaza vyeti vya uongo, na hatukuifuta hospitali. Tuna mpango wa taifa wa kupambana na usugu, wa kwanza ulikuwa wa 2017 hadi 2022, wa sasa unafika 2028. Nimeusoma, una mafunzo, ukaguzi na elimu kwa umma. Yote mema. Lakini yule binti wa miaka 19 mwenye mkasi hapati humo sababu hata moja ya kunyamazisha noti iliyowekwa juu ya kioo.

Sitaki kuwachosha, kwa hiyo nimalizie na nilichokiona mwezi uliopita. Nilikuwa katika kijiji kimoja, nimekaa pembeni kwenye Duka la Dawa Muhimu, muuzaji ananijua, amenipa kigoda. Akaingia mama kijana na mtoto mgongoni, wa miaka miwili. Kikohozi siku tatu, homa usiku. "Dokta, nipe ile ya maji ya amoksilini, mtoto wa dada yangu ilimsaidia."

Muuzaji hakugusa rafu. Akamwambia, "Mama, mshushe kwanza, mpakate atulie, nione anavyohema." Akafunua kishati cha mtoto mpaka kifuani, akatoa simu, akaweka saa ya dakika moja, akakaza macho kwenye tumbo lile dogo linalopanda na kushuka. Duka zima lilinyamaza. Wateja wawili walisimama mlangoni wakahesabu naye kimoyomoyo. Niliona midomo yao. Mtoto wa umri ule akifikisha pumzi 40 kwa dakika ni wa kutiliwa shaka ya nimonia. Wa miezi miwili hadi chini ya mwaka mmoja ni 50. Akahesabu 32. Akatazama mbavu, hazikuwa zikiingia ndani. Akauliza kama ananyonya, kama anakunywa, kama amepata degedege. Kisha akasema, "Hii haihitaji amoksilini. Mpe hii ya homa, mnyonyeshe mara kwa mara, mpe vitu vya maji maji. Akianza kuhema haraka hivi," akamwonyesha kwa pumzi zake mwenyewe, "au akikataa kunyonya, usipite kwangu, nenda zahanati moja kwa moja, hata usiku."

Mama alisita. Akamtazama muuzaji, akanitazama mimi, akauliza, "Kweli, Dokta?" Akajibiwa kweli. Akalipa panadoli ya mtoto, akamfunga mwanawe kwa kanga, akaondoka. Muuzaji akafungua daftari akaandika umri, dalili, pumzi 32. Nilimuuliza faida yake kwenye mauzo yale ni kiasi gani. Akafikiri kidogo, akasema shilingi mia. Chupa ya amoksilini ingempa zaidi. Halafu akawageukia wale wawili wa mlangoni, ambao walikuwa bado wamesimama, na wa kwanza wao akasema, "Mimi nilikuja kununua rangi mbili, lakini naomba uniulize na mimi."